Hoja ya Kugawa Makaburi ya Krasna

Krasna, Nebraska
17 Septemba 2023

Mpwa wangu Thea,

Kabla hujasoma zaidi, ujue barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila sahihi yake hakuna maiti anayeingia ardhini katika nusu nzima ya mashariki ya kaunti hii. Mwezi Juni walinichagua tena kuwa mwenyekiti wa bodi ya makaburi, mara ya sita, bila mpinzani. Wapo wanaosema ni kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka kazi yenyewe. Hao wana wivu. Gavana anatawala walio hai na hawampi usingizi. Watu wangu mimi wote wametulia.

Natumai u mzima huko Pittsburgh, na kwamba wanakulisha. Sisi hatujambo. Mama yako yuko vizuri isipokuwa goti la kushoto, na nyanya zake mwaka huu zimenenepa hata nilipobeba moja barabarani jirani aliniuliza tunacheza mpira wa kikapu wapi. Mahindi yanakauka vizuri, wiki ijayo tunaingiza mashine shambani.

Sasa hiyo bahasha yako. Imefika, kurasa kumi na nne, pamoja na kikaratasi chako: "Mjomba, soma, kisha niambie watu wa huko watasemaje." Umefanya la maana kuniletea mimi. Ni kweli shule niliiachia darasa la kumi, lakini niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Mwalimu wa hesabu alimwambia bibi yako kwamba kichwa hiki kimejaa na hawana pa kuongezea. Nimeshasoma ukurasa wa kwanza. Naona unaeleza habari za kaunti fulani na makaburi yao, na katika mambo ya makaburi ungetafuta Marekani nzima usipate wa kunizidi.

Zilizobaki nitazimaliza kabla ya kikao cha bodi, tarehe tatu Oktoba. Usiwe na wasiwasi.

Mjomba wako,
Rolland Vondra, Mwenyekiti

*

Pittsburgh
30 Septemba 2023

Mjomba Rollie,

Nimeicheka hiyo nyanya mpaka paka akahama chumba. Mimi nipo. Muhula huu nafundisha madarasa matatu ya uandishi, wanafunzi sabini na wawili, na nusu yao wameandika insha kuhusu simu zao. Huku mvua haikati. Nisalimie mama, mwambie nitampigia Jumapili, ila nakuomba usimwonyeshe zile kurasa. Bado.

Nimegundua kikaratasi changu hakikueleza kitu, nilikiandika nikiwa mbioni. Zile kurasa ni sura ya kwanza ya kitabu, na kitabu chenyewe ni tashtiti, yaani nawacheka watu ili wajione. Nimebuni kaunti ambayo watu wake wamechukiana mpaka wanagawa makaburi: wekundu wa Republican upande wa mashariki, wabuluu wa Democrat upande wa magharibi, uzio katikati. Siku ya mwisho malaika anafika na tarumbeta yake, anauzunguka ule uzio, hajui aanzie lango lipi.

Mhariri wangu amesoma. Amesema nimeandika vizuri, halafu akasema unaowacheka hawatakisoma, na watakaokisoma hawatadhani wanachekwa wao. Nikawapa rafiki zangu wa hapa, wote wabuluu kama mimi. Walitikisa vichwa kwa huzuni wakasema ndivyo walivyo watu wa kule. Hakucheka hata mmoja. Na mimi, mjomba, ndimi mtu wa kule.

Ndiyo maana nimekuletea wewe, uliyepiga kura kinyume changu tangu siku nilipopata kura. Watu wa Krasna bado wanaweza kucheka wakichekwa? Usinipambe. Mchapishaji amenipa hadi Juni niseme kama naendelea au naacha.

Mpwa wako,
Thea

*

Krasna
23 Oktoba 2023

Mpwa wangu Thea,

Salamu nyingi kutoka vumbini. Siku kumi na tisa mfululizo niko juu ya mashine, na ninavuna kwa mwendo ambao walioitengeneza wangeujua wangekuja kunipiga picha. Juzi kulungu dume alisimama mbele yangu. Tukatazamana. Akausoma uso wangu, akanipisha. Mama yako hajambo, amefunga mitungi arobaini ya nyanya na sasa hana pa kuweka miguu jikoni.

Barua yako ilifika Ijumaa, tarehe sita. Kikao kilikuwa Jumanne, tarehe tatu. Nakwambia hivyo uone mambo yalivyofuatana. Si kwamba niliihitaji barua kunieleza kuwa ule ni utani. Nilijua tangu mstari wa kwanza; mimi utani naunusa kama mvua.

Basi nikaamua kuwapima. Tulikuwa saba kwenye chumba cha chini cha kanisa: mimi, Milo Cerny wa ghala la nafaka, Bernadine Kolar na daftari lake la ukatibu, na wengine wanne unaowajua kwa sura. Tulizungumza kwanza habari ya mafuko wanaochimba kwenye safu za mbele. Tulipofika kwenye mengineyo nikazitoa kurasa zako nikazisoma zote kumi na nne, kwa sauti ile niliyosomea Biblia siku tunamzika babu yako.

Hakuna aliyecheka. Hata pale kwa malaika. Milo alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa. Nilipomaliza, Bernadine akafungua ukurasa mpya wa daftari lake. Kisha hoja ikatolewa kwamba makaburi ya Krasna nayo yagawanywe kwa utaratibu huohuo. Milo akaunga mkono. Kura zikapigwa.

Mpwa wangu, hongera. Kitabu chako kimepita, nne kwa mbili. Bernadine hakupiga kura, alikuwa na shughuli mkononi.

Waliokwisha kulala hawatahamishwa. Kuanzia mwakani, mwekundu atazikwa mashariki ya njia ya changarawe na mbuluu magharibi, hakuna kuvuka. Kwa kanuni zetu jambo kubwa kama hilo linathibitishwa na wenye viwanja wote kwenye mkutano mkuu wa Mei. Wakishathibitisha, limekwisha.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hivi: hawakucheka, lakini sijawahi kuona mwandishi anasikilizwa vile.

Mjomba wako,
Rolland Vondra, Mwenyekiti

*

Pittsburgh
6 Novemba 2023

Mjomba,

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni na koti sijavua. Huku wote wazima.

Baba yangu amelala upande gani wa njia ya changarawe?

Nakujibu mwenyewe. Magharibi, safu ya mierezi. Jiwe lake lina majina mawili. CURTIS HALVORSEN na miaka yake miwili, na pembeni yake DARLENE, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na mahali patupu. Mama alilichagua mwenyewe. Wewe ulikuwepo, ndiye uliyelishusha kwenye pikapu. Baba alikuwa mbuluu, alibisha hodi nyumba za watu kila uchaguzi kuwaombea wagombea wake kura. Mama ni mwekundu na hajawahi kuficha. Hiyo hoja ikithibitishwa, mama yangu atazikwa ng'ambo ya njia peke yake, kwa sababu ya kitu nilichokitunga mimi nikiwa nimekaa hapa na kikombe cha chai.

Mama amejua? Na nani alitoa hoja? Umeandika "hoja ikatolewa," kana kwamba ilishuka yenyewe kutoka darini.

Naiandikia bodi wiki hii kuwaeleza ule ulikuwa mzaha.

Thea

*

Krasna
11 Desemba 2023

Mpwa wangu Thea,

Usistaajabu kuchelewa kwangu. Baridi imekuja mapema na mbaya. Wiki iliyopita nilimwita mbwa na maneno yakaganda hewani, ikabidi nisubiri mchana yayeyuke ndipo aje. Tumekula Sikukuu ya Shukrani hapa kwangu, bata mzinga wa ratili ishirini na tatu na kolache, vile vimikate vyetu vitamu vya plamu, alivyoleta mama yako. Mama yako alikaa amenipa mgongo kuanzia sala mpaka pai.

Ndiyo, amejua. Alisikia saluni, nywele zimejaa povu, akatoka hivyohivyo akaja hadi ghalani kwangu. Nikamweleza taratibu za bodi. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa dada yangu si dalili njema. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyosema:

"Rollie, miaka thelathini na minane nimelala kitanda kimoja na yule Democrat. Unataka kunihamisha leo, wakati hawezi tena hata kunibishia?"

Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini alikuwa ameshaondoka.

Barua yako kwa bodi nimeipokea kama mwenyekiti na nimeiweka pazuri. Sijawasomea. Sikiliza kwanza. Wale wanne wamesimama mbele ya wenzao wakainua mikono. Ukija leo kuwaambia walichopigia kura kilikuwa mzaha wa binti aliyesoma akahama, watakipigia mara mbili, kwa hasira. Nawajua, mimi ni mmoja wao. Niachie mimi.

Kuna jambo linanizungusha kichwa nikiwa kwenye mashine ya kuondoa theluji, na naliuliza kwa nia njema. Mtu anajuaje kwamba hiki ni utani? Zamani ilikuwa rahisi, utani ni kitu kisichotokea. Sasa tazama. Unakumbuka pale mkahawani vikombe vyetu vinavyoning'inia ukutani na majina? Tangu uchaguzi ule, vya wekundu viko ukuta wa jikoni na vya wabuluu ukuta wa chooni, na hakuna aliyetoa amri, vilihama kimoja kimoja. Bodi ya shule ilikaa saa mbili na nusu kubishana kama vitambaa vya meza vya sherehe vikiwa vya zambarau ni kuwapendelea nani. Ungeniandikia hayo miaka ishirini iliyopita ningeanguka kwa kicheko. Leo nikiyasikia nauliza tu yamepita kwa kura ngapi. Wewe ulipokuwa unaandika ulitaka tufanye nini hasa?

Mjomba wako,
Rolland Vondra

*

Pittsburgh
4 Januari 2024

Mjomba Rollie,

Heri ya mwaka mpya. Mama amenipigia Krismasi, hatukulitaja jambo lenyewe, tulizungumza habari ya goti kwa dakika arobaini. Paka ameng'olewa jino. Nimepumzika kidogo, wanafunzi wako likizo.

Swali lako limenisumbua kuliko la mhariri. Nikaamua nami nipime kwangu. Desemba nilialikwa kusoma kwenye duka la vitabu hapa jirani, watu thelathini hivi, wabuluu watupu. Nikawasomea sura ileile. Mjomba, hawakucheka hao pia. Walikuwa wanaguna kwa uchungu. Nilipomaliza mama mmoja wa makamo alinijia machozi yanamtoka, akaomba anwani ya hiyo kaunti. Anataka kuwapelekea mashada wafu wa kibuluu wanaoonewa. Nikamwambia nimeibuni. Akanishika mkono akasema anaelewa, lazima nilinde majina ya watu.

Kwa hiyo usidhani ni ninyi tu.

Ulitaka kujua nilitaka nini. Niliandika rasimu tatu za jibu nikazichana. Unakumbuka baba na mama siku ya kura? Walikuwa wanapanda pikapu moja. Baba anamfungulia mama mlango, anasema, "Twende tukafutane." Kura yake inaifuta ya mama, ya mama inaifuta yake, kisha wanapitia kula mayai. Miaka thelathini na minane ya kufutana, na walikuwa wanacheka njia nzima. Alipokufa niliona hakuna tena mtu anayecheka hivyo, si kule wala huku. Nikakasirika. Ile hasira ndiyo nikaiita tashtiti. Labda ndiyo maana haichekeshi.

Barua yangu iache hapo ulipoiweka. Nakuamini. Lakini hujaniambia nani alitoa hoja.

Thea

*

Krasna
3 Machi 2024

Mpwa wangu Thea,

Salamu. Theluji imeanza kuondoka na ndama wanazaliwa wawili wawili kila siku. Mmoja alikuja makalio mbele, nikamgeuza kwa mkono mmoja huku mkono mwingine nanywa kahawa. Mganga wa mifugo alipofika alinivulia kofia. Mama yako sasa ananisalimia, ila ananiita "Bwana Mwenyekiti," na sipendi anavyolitamka.

Tulia usome, kuna jambo. Ili mstari uchorwe sawasawa, Bernadine alisema kila aliyelala pale lazima aandikwe rangi yake kwenye ramani. Haki bin haki. Ana miaka themanini na mmoja, ana ramani ya mwaka wa kwanza kabisa aliyorithi kwa baba yake, na hakuna anayethubutu kumbishia. Akatuma kadi ya posta kwa kila familia: tafadhali taja wafu wenu, na kila mmoja alikuwa chama gani.

Thea, watu hawajui. Watu waliokuwa tayari kupigana kwa ajili ya rangi hawajui rangi ya mama zao. Dada wawili kule kwenye kilima wamegombana kwenye simu, mmoja anasema baba yao alikuwa mwekundu kufa na kupona, mwingine anamjibu, "Ndivyo alivyokuambia wewe, kwa sababu ulikuwa unapiga kelele." Kuna mjane ameandika kwenye kadi, "Alisema ni mwekundu. Lakini pia alisema ameacha sigara." Kuna kadi imerudi na neno moja tu: "Thubutu."

Na Milo Cerny. Milo aliingia kwenye kumbukumbu za kaunti kutafuta ushahidi kwamba ukoo wake ni wekundu tangu kushuka kwenye meli. Akakuta babu wa baba yake alikuwa mwenyekiti wa wabuluu wa wilaya nzima. Si yeye peke yake. Wahamiaji wote wa zamani, wale waliotoka Ucheki wakaanzisha mji huu, walikuwa wabuluu, kwa sababu chama kile kingine kilitaka kuwanyang'anya bia. Waliojenga kanisa, waliochimba kisima, walioipa Krasna jina lake, wote magharibi. Milo alikuja hapa akakaa jikoni kwangu na kofia magotini. Akauliza kama inawezekana kupeleka maombi, mtu abadilishiwe chama baada ya kufa. Nikamwambia bodi itatazama.

Alipoondoka nilicheka. Kwanza kidogo, halafu nikashika meza. Kisha nikakumbuka babu yangu mimi ni nani, nikaacha.

Kuhusu lile swali lako, nimekuwa na ndama wengi.

Mjomba wako,
Rolland

*

Pittsburgh
22 Machi 2024

Mjomba Rollie,

Nimeisoma barua yako ndani ya basi. Nilipofika kwa yule mjane na sigara nilicheka kwa sauti, dereva akanitazama kwenye kioo. Kisha nikafika kwa Milo na kofia yake nikacheka tena, na machozi yakaja, na sikujua ni ya nini. Sijacheka hivyo tangu tumzike baba. Huku wazima wote, hiyo ndiyo habari yangu kubwa.

Natamani ningeandika mimi zile kadi. Kumbe nilikuwa nimekosea mlango. Niliwatungia watu uzio. Bernadine amewauliza tu swali.

Mei sitakuja. Mama amenisihi nije, nimemwambia nina mitihani ya kusahihisha, na ni kweli, lakini pia naona aibu kusimama pale kama mtu aliyewasha moto akaja kuutazama. Mama ana kiwanja, yeye ana kura. Mimi sina.

Bernadine ameniandikia. Anasema kumbukumbu za kikao cha Oktoba ziko wazi kwa familia yoyote yenye kiwanja, nikitaka atanipigia nakala. Sijamwomba. Nitasubiri kwako.

Mpwa wako,
Thea

*

Krasna
28 Mei 2024

Mpwa wangu Thea,

Natumai mitihani imekwisha na macho bado unayo. Sisi wazima, mahindi yamefika kwenye kifundo cha mguu, ya jirani bado yanaogopa kutoka. Mama yako ni mzima kuliko sisi sote na utaona kwa nini.

Mkutano mkuu ulikuwa jana, Siku ya Kumbukumbu, palepale makaburini kama ada. Asubuhi maveterani walipiga bunduki zao mara tatu, watoto wakachomeka bendera ndogo, wanawake wakapanga vyakula kwenye meza ndefu. Watu walikuja ambao sijawaona tangu tuwazike wazazi wao. Na Thea, walikuwa wamesimama pande mbili za njia ya changarawe. Hakuna aliyewapanga. Wekundu huku, wabuluu kule, na saladi ya viazi katikati.

Nikafungua mkutano. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kihistoria ya dakika ishirini. Bernadine akasema ripoti ya katibu hutangulia. Akavaa miwani, akafungua ramani, akaanza kusoma, safu kwa safu, kaburi kwa kaburi, kwa sauti ileile anayosomea majina ya wanaoleta keki. Cerny, Vaclav, mbuluu. Cerny, Anezka, mbuluu. Vondra, Josef, mbuluu. Huyo ni babu yangu, niliangalia viatu. Kolar, Frank, mwekundu siku za kazi. Hapo mtu akakohoa. Bwana fulani wa safu ya nne, familia imeandika pande zote mbili, kesi inaendelea. Nikasikia pua zinavuma huku na huku. Watu walikuwa wanajizuia kama kanisani.

Akafika kwenye safu ya watoto. Unaijua, kando ya uzio wa nyuma, mawe madogo ya mwaka ule wa homa. Bernadine akasoma majina yote kumi na mawili, polepole. Kisha akashusha karatasi akatutazama.

"Hawa hawajaamua," akasema.

Milo ndiye aliyeanza. Ilimtoka kama kikohozi, akajaribu kuimeza, ikamshinda, akaegemea jiwe la watu. Kisha upande wa pili akaanza mtu, kisha wote, pande mbili, watu wazima wanashikana mabega, wengine wanafuta macho, na sikuweza kujua nani anacheka na nani analia, na sidhani wao walijua. Sijawahi kusikia kitu kama kile pale, na nimekuwepo kwa mambo mengi. Nikangoja kitulie. Hakikutulia haraka.

Wakati huo mama yako hakuwepo kwenye kundi. Alikuwa amechukua kiti chake cha kukunja, akavuka njia ya changarawe mbele ya watu wote na goti lake lile, akaenda safu ya mierezi. Akakifungua kile kiti juu ya kiwanja chake, kando ya Curtis. Akakaa. Akaweka sahani ya saladi mapajani. Mtu akamwuliza kama hajisikii vizuri.

"Najisikia vizuri sana," akasema. "Nipo nyumbani. Anayetaka kunihamisha aanze na kiti."

Nikaita kura. Watu sitini na nane wenye viwanja. Waliotaka hoja ithibitishwe walikuwa wawili, na mmoja wao alidhani tunapigia kura mafuko. Hoja imekufa. Mama yako atalala pale alipopachagua, na mahali patupu kwenye lile jiwe pataandikwa siku yake ikifika, si mapema, maana jana alikula sahani tatu.

Sidhani vikombe vya mkahawani vitarudi ukuta mmoja. Nilipita asubuhi hii, bado viko vilevile. Milo alikuwa anakisoma kimoja cha ukuta wa chooni, amekishika, kisha akakirudisha. Basi. Sikwambii kitabu chako kimeponya mtu. Lakini uliniuliza kama watu wa Krasna wanaweza kucheka wakichekwa, na jibu langu la kweli ni kwamba wanaweza, wakichekwa na Bernadine, baada ya miezi minane, wakiwa wameshikilia kadi waliyoiandika kwa mkono wao. Kama mhariri wako ana njia ya haraka zaidi, anieleze. Mimi nasema endelea na kitabu. Na umweke huyo mjane.

Sasa lile swali. Umeniuliza mara tatu na ungeweza kumwomba Bernadine, hukumwomba. Nimekaa na kalamu hii tangu chakula cha asubuhi.

Bernadine hakupiga kura Oktoba kwa sababu nilikuwa nimempa nyundo ya mwenyekiti anishikie, na anayeongoza kikao hapigi kura. Kanuni zinasema mwenyekiti hawezi kutoa hoja akiwa kitini. Hoja niliitoa mimi. Darlene hakunijia kichwani, wala Curtis, wala lile jiwe nililolibeba kwenye pikapu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimezisoma kurasa zako mara mbili, kwa makini, na kidole chini ya mstari, na mara zote mbili nilidhani ni habari za kweli. Nilidhani kuna kaunti mahali fulani, pengine Iowa, wameshafanya, na nikaona vibaya makaburi yangu yaachwe nyuma.

Mjomba wako,
Rollie